Jinsi ya Kuweka Daftari la Muziki Unaoupenda, Kuanzia Wimbo wa Kutwangia hadi Muziki wa Gemu

Mtu akiulizwa anapenda muziki gani, aghalabu hujibu kwa kutaja fungu: taarab, dansi ya zamani, bongo fleva, kwaya, rege. Jibu hilo linatosha kwa mazungumzo ya kwenye daladala, lakini halimsaidii mwenye masikio kuyajua masikio yake. Nimewahi kukaa meza moja na watu wawili ambao wote walijitangaza kuwa wapenzi wa dansi ya zamani. Mmoja alifuata mashairi neno kwa neno, na waimbaji waliponyamaza alianza kupiga miayo. Mwenzake aliongea na simu muda wote wa mashairi, akisubiri chemko, ile sehemu ya magitaa na kucheza, lianze ndipo anyanyuke. Santuri zao pendwa zilikuwa zilezile, ila kila mmoja alikuwa na lake alilolifuata ndani yake.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuvuka jina la fungu na kujua ni kitu gani hasa masikio yake yanakisubiri. Vifaa ni vichache: daftari la shule, kalamu, saa inayoonyesha sekunde, na simu au redio ya kuchezea muziki. Hedifoni za bei nafuu zinafaa, mradi pande zote mbili zinatoa sauti, kwa sababu rekodi nyingi huweka gitaa moja upande wa kulia na jingine upande wa kushoto, na mwenye hedifoni ya sikio moja husikia nusu ya bendi. Ukitenga nusu saa kila jioni, kazi yote itakuchukua wiki tatu hivi.

Ukurasa wa kwanza, bila kuona haya

Katika ukurasa wa kwanza andika nyimbo 20 ambazo ungeweza kuziimba au kuzipigia mluzi sasa hivi bila kusaidiwa na simu. Usijiulize zipi ni nzuri, wala usizipange kwa mafungu. Anza na zile zilizokuingia bila kupiga hodi: wimbo uliobembelezewa, ukuti wa mnazi mliouimba mmeshikana mikono uwanjani, nyimbo za mchakamchaka wa alfajiri shuleni, kaswida ya madrasa au pambio la kanisani, mlio uliofungulia taarifa ya habari redioni, tangazo la sabuni, wimbo wa dansi uliopigwa kwenye harusi ya shangazi, na muziki wa gemu uliyocheza kwenye kibanda cha mtaani kwa kulipia dakika.

Kikwazo cha hatua hii ni haya. Mtu mzima anapoandika orodha ambayo huenda mwingine akaiona, mkono humvuta kwenye majina yenye hadhi: Siti binti Saad, Mbaraka Mwinshehe, Hukwe Zawose. Hakuna ubaya kuwaandika, ikiwa kweli ndio unaowaimba wakati unafua. Mimi niliandika orodha yangu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuonyesha wageni. Ya pili, niliyoiandika usiku umeme ukiwa umekatika na sina wa kumwonyesha, ilikuwa na wimbo wa kutwangia wa bibi yangu wa Pangani, tangazo la dawa ya mbu, na muziki wa gemu ya Super Mario Bros. nilioujua kutoka sebuleni kwa jirani. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifaa.

Kila wimbo upe nusu ukurasa wake, na juu yake uandike mambo matatu tu: ulikuwa wapi ulipouzoea, nani alikuwa akiuimba au kuupiga, na wewe mwenyewe ulikuwa ukifanya nini. Hilo la tatu wengi hulisahau, nalo ndilo litakalokuja kufungua mengine.

Sikiliza kila wimbo mara tatu

Mara ya kwanza usifanye lolote ila kusubiri. Pale kichwa kinapoinuka chenyewe, au kidole kinapoanza kugonga meza bila kuamriwa, tazama saa na uandike dakika na sekunde. Usiandike kwamba ni patamu, andika kilichotokea, kwa mfano: “2:14, waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linabaki peke yake na tumba.” Ukifanya hivyo kwa nyimbo tano au sita utaanza kuona kwamba sehemu zinazokuamsha zinafanana, hata kama nyimbo zenyewe ni za watu na nchi tofauti.

Mara ya pili pima mwendo. Gonga meza kufuata pigo lililo wazi zaidi, hesabu mapigo ya sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukihesabu 25, mwendo ni mapigo 100 kwa dakika. Ukihesabu 50 au zaidi, umefika 200 au kuvuka, na huenda unasikiliza singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam. Andika pia ni pigo lipi ulilofuata, kwa sababu wasikilizaji wawili wanaweza kuhesabu wimbo mmoja na mmoja akapata mara mbili ya mwenzake, wote wakiwa sahihi, mmoja akiwa amefuata ngoma kubwa na mwingine amefuata manyanga. Katika nyimbo kadhaa za dansi nilizopima, chemko halikuwa limeongeza mwendo kama nilivyoapa miaka yote. Kilichoongezeka ni wingi wa magitaa yanayopishana, na mwili wangu ulikuwa umeutafsiri wingi huo kuwa kasi.

Mara ya tatu chagua ala moja tu na uifuate tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale inapofunikwa. Anza na besi, kwa sababu ndiyo isiyosikilizwa. Katika bendi ya dansi, gitaa la besi, la ridhimu, la solo na la pili kila moja lina kijia chake, na anayevisikia vyote kama kitu kimoja hajui ni kipi kinachomvuta. Katika taarab ya asili jaribu kuifuata kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayowekwa mapajani, kisha urudie wimbo uleule ukifuata fidla peke yake. Masikio huchoka haraka katika zoezi hili, kwa hiyo nyimbo mbili kwa jioni zinatosha.

Wimbo ulikuwa na kazi gani?

Hapa ndipo daftari linapoanza kulipa, na hapa ndipo nilipopotea kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1994 nilimfuata bibi na redio-kaseti ya kuazima, nikamwomba aimbe ule wimbo wa kutwangia ili niurekodi. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Akaanza ubeti wa kwanza, akasita. Akaanza tena kwa sauti ya juu kidogo, akasita tena. Kisha akaweka ungo chini na kunitazama. “Mume wangu,” akasema, kwa ule utani ambao mabibi wa pwani huwafanyia wajukuu wao wa kiume, “huu wimbo wa mchi. Mchi uko wapi?” Kinu kikaletwa, akaitwa jirani yake, wakamimina mpunga, na wimbo ukashuka wenyewe: mmoja akianzisha mchi wake ukiwa juu, mwenzake akiitikia wa kwake unapogonga. Kila mstari ulikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa likijazwa na mchi. Nilipomwomba aimbe amekaa, nilikuwa nimemwomba nusu ya wimbo.

Kwa hiyo chini ya kila wimbo katika daftari andika maswali mawili: wimbo huu ulikuwa ukifanya kazi gani, na ni sehemu ipi iliyoachwa wazi ili kazi hiyo iingie? Wimbo wa mchakamchaka hukata mstari pale mguu unapotua. Ukuti hurudiwa na waitikiaji neno kwa neno, na duara la watoto ndilo linaloamua urudiwe mara ngapi kabla ya wote kutetemeka na kuchuchumaa. Wimbo wa kubembeleza hauna mwisho uliopangwa. Mwisho wake ni mtoto kulala, na mama anayeimba huupunguza sauti kwa kufuata pumzi za mtoto. Nyimbo za unyago hubeba mafunzo ambayo hayasemwi mbele ya kila mtu, na ndiyo maana msikilizaji wa nje husikia ngoma tamu na kukosa nusu ya kilichomo.

Muziki wa gemu ni wa jamii hiyohiyo ya muziki wenye kazi, jambo ambalo nililiona kwa kuchelewa kwa sababu nilikuwa nikiudharau. Mpwa wangu, siku nilipomwambia apunguze makelele ya simu, alinijibu kwa adabu: “Shikamoo mjomba, lakini huu si wa kusikiliza, huu ni wa kuchezea.” Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Katika gemu ya Space Invaders ya mwaka 1978 muziki wote ni noti nne nzito zinazoshuka na kurudi, zikienda kasi kadiri maadui wanavyopungua na mchezo kuwa mgumu. Hazina utamu wowote ukizisikiliza umekaa. Ukiwa mchezoni zinakupandisha moyo kooni.

Super Mario Bros. ilipotoka mwaka 1985, mtunzi wake Koji Kondo alikuwa na njia tano tu za sauti ndani ya mashine: mbili za mahadhi, moja iliyofaa kwa besi, moja ya mvumo aliyoigeuza kuwa ngoma, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Kwa vifaa hivyo vidogo kuliko bendi yoyote ya mtaani alipaswa kutunga mahadhi ambayo mtoto angeyasikia mara mamia bila kuyachukia, na ambayo yangekwenda sawia na kuruka kwa kidole chake. Muda wa mchezo unapobaki chini ya 100, muziki huohuo huongeza kasi, bila neno lolote la onyo. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliyaingiza mahadhi hayo katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, na yalikuwa ya kwanza ya gemu kuingia humo.

Baadaye muziki wa gemu ulijifunza kumtazama mchezaji. Mwaka 1991 kampuni ya LucasArts ilitumia katika Monkey Island 2 mfumo ulioitwa iMUSE, ulioruhusu muziki uhame kutoka sehemu moja hadi nyingine kufuata anachofanya mchezaji, bila kukatika ghafla. Mpiga ngoma yeyote wa Kizaramo au wa Kigogo angecheka kusikia kwamba hilo lilikuwa jipya, maana yeye siku zote hupiga akitazama miguu ya wachezaji, akishikilia pigo wanaposhikilia na kulivunja wanapovunja. Sisemi kwamba mmoja alijifunza kwa mwingine; hawakukutana. Ninasema kwamba shida yao ilikuwa moja, yaani kumhudumia mtu aliye kazini na asiyejulikana atamaliza lini, na kwa shida hiyo kurudiarudia ni ufundi.

Lipo jaribio rahisi la kuupima muziki wa aina hii. Cheza gemu kwa dakika 10 ukiwa umeizima sauti, kisha sikiliza muziki wake kwa dakika 10 bila kucheza, halafu uandike kilichopungua kila upande. Fanya vivyo hivyo kwa nyimbo za asili: uimbe wimbo wa kubembeleza ukiwa umembeba mtoto kweli, na ule wa jembe ukiwa na jembe mkononi. Watu hawatakuelewa, lakini daftari litajaa.

Fuata nyayo hadi zinapoishia

Kutoka katika nyimbo 20, chagua tatu au nne na uzifuatilie zilikotoka. Anza na kilicho mkononi: karatasi ya kanda, maelezo ya faili, jina la mtunzi na mwaka. Kisha tafuta toleo la zamani kuliko lako, ulisikilize mara tatu kama ulivyofanya kwa lile unalolijua, na uandike kilichobaki na kilichoachwa njiani. Bando huisha haraka katika kazi hii, kwa hiyo pakua sauti na uziache video.

Mfano mzuri wa kuanzia ni muziki wa gemu ya Tetris, kwa sababu unaunganisha ncha zote mbili za jambo letu. Yale mahadhi ambayo dunia nzima inayahusisha na matofali yanayoshuka yaliingia katika Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi, mwaka 1989, yakiwa yamepangwa na Hirokazu Tanaka wa Nintendo. Ukirudi nyuma unakuta kwamba ni wimbo wa watu wa Urusi, Korobeiniki, ambao maneno yake yanatokana na shairi la Nikolay Nekrasov la mwaka 1861. Na Korobeiniki maana yake ni nini? Ni machinga, wale wanaotembeza vitambaa kijiji hadi kijiji, na wimbo unasimulia mmoja wao akipatana bei na msichana. Tangu nilipolijua hilo siwezi kuona matofali yale yakishuka bila kumwona kijana mwenye mzigo begani akisema bei haipungui.

Njia nyingine hukimbilia upande usioutarajia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kenya wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwa gramafoni; wasikilizaji waliichukua sauti yake, wakalifinyanga jina lake kwa ulimi wao, na kumpigia zeze la kwao. Anayedhani kwamba wimbo wa asili ni ule usioguswa na kitu cha nje ausikilize huo kwanza.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu zaidi. Gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005 hufunguliwa kwa wimbo “Baba Yetu” wa Christopher Tin, Mmarekani aliyeitia muziki Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa wa kwanza wa gemu kuipata. Wengi wetu tuliusikia tukashtuka kwa fahari. Ukiufuata kwa daftari mkononi, hata hivyo, utaandika kwamba maneno ni ya huku na mtindo wa kuimba unaelekea zaidi kwenye kwaya za Afrika Kusini, na kwamba baadhi ya maneno yamevutwa na mahadhi hadi yakaelemewa mahali ambapo sisi tusingeyaelemea. Hilo halipunguzi uzuri wake. Linaonyesha tu kwamba fahari na ladha ni vitu viwili, na daftari linapaswa kuviandika katika mistari miwili.

Nyumbani nako nyayo ni nyingi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, na kabla yake taarab ya Zanzibar ilikuwa na mkono wa Cairo ndani yake. Bendi ya DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijiita Sikinde kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Mchiriku wa Dar es Salaam uliota kwenye vinanda vidogo vya Casio, na ndani ya singeli, iliyozaliwa karibu nao, utasikia vipande vya taarab vimekatwa, vimeharakishwa na kuzungushwa bila kupumzika. Ule mlio mwembamba wa Casio na ule wa mashine za gemu za miaka ya 1980 ni ndugu wa karibu, nami nina hakika kwamba waliokua wakisikia mmoja hawakupata taabu kuupokea mwingine.

Nyayo zikiishia njiani, ziache hapo. Andika “sikumpata mtunzi” na uendelee. Kuna nyimbo za harusini ambazo kila mkoa unadai ni zake, na anayejaribu kuamua ugomvi huo kwa daftari la shule atapoteza wiki zote tatu.

Futa mafungu, panga upya

Ukishapata kurasa za kutosha, geuza daftari upande wa nyuma na uzipange nyimbo zako upya, safari hii kwa kile masikio yalichokisubiri. Kundi moja linaweza kuwa la sauti moja inayopaa juu ya nyingi, jingine la besi inayotembea, jingine la maneno yenye mafumbo, jingine la ukimya unaokuja mahali pake. Usitafute majina ya kitaalamu. “Pale wanapopokezana” ni jina zuri la kundi.

Mimi nilikuwa nimejitangaza kwa miaka mingi kuwa mtu wa mashairi. Daftari likasema vingine. Kati ya sekunde nilizoandika, chache mno ziliangukia kwenye maneno. Nyingi ziliangukia mahali ambapo mmoja anaachia na mwingine anadaka: mchi na mchi, solo na gitaa la pili, kiongozi wa kaswida na waitikiaji, na zile njia mbili za mahadhi katika Super Mario Bros. zinazokwenda bega kwa bega na kuachana kidogo mwishoni mwa kila kipande. Ndipo nilipoelewa kwa nini nyimbo za kisasa za mwimbaji mmoja mbele ya kinanda huniacha baridi, hata zenye maneno mazuri. Zamani ningesema muziki wa siku hizi umeharibika. Sasa ninasema kwamba hazina wa kuitikia.

Kutoka katika kundi lenye nyimbo nyingi ndipo pa kutafutia muziki mpya. Anayependa kupokezana aende kwenye nyimbo za Wagogo, ambako sauti hupandana kwa namna isiyofanana na kwaya ya kanisani. Anayependa ukimya ausikilize muziki wa gemu ya Minecraft, unaokuja taratibu na kuondoka kwa muda mrefu, ukimwacha mchezaji na jembe lake. Weka wimbo mmoja mgeni kwa wiki, na usiandike “siupendi” kabla hujausikiliza mara tatu katika siku tatu tofauti.

Kanda, simu na wazee

Baadhi ya nyimbo katika orodha yako hazipo popote ila kwenye kanda au kinywani mwa mtu, na hizo ndizo za kushughulikiwa kwanza.

Kwa kanda, anza kwa kuizungusha hadi mwisho na kurudi, kwa kalamu ya biki ukihofia mashine yako itaimeza, ili mikunjo iachane. Unganisha tundu la hedifoni la redio-kaseti na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya wa kawaida, rekodi kwa programu ya bure kama Audacity kwa kipimo cha sampuli 44,100 kwa sekunde, na uhifadhi faili la WAV lisilobanwa kabla ya kutengeneza MP3 ya kusikilizia. Upande mmoja wa kanda ya C60 una dakika 30, na faili lake litakula megabaiti 300 hivi. Lipe jina lenye mwaka, mahali na kazi ya wimbo. Anayeita faili “wimbo mzuri 2” ameupoteza tayari.

Lakini kabla ya yote hayo, vunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, vinavyoiruhusu mashine kurekodi juu yake. Mimi sikuvivunja. Miaka miwili baada ya siku ile ya Pangani nilihitaji kanda ya kurekodia matangazo ya mpira, nikashika ya kwanza kuonekana, na bibi na jirani yake wakafunikwa na kipindi cha pili chote cha mchezo ambao hata matokeo yake siyakumbuki. Kilichosalia ni mwisho wa upande ule, baada ya mtangazaji kuaga: dakika nne na sekunde chache za kutwanga. Bibi alikuwa ameshafariki.

Kwa mtu aliye hai, nenda naye mahali pa kazi ya wimbo, omba ruhusa kabla ya kuwasha simu, na uulize kama kuna nyimbo zisizopaswa kusikiwa na kila mtu, hasa za unyago na jando. Zikiwepo, usizirekodi au usizitoe nje ya mikono ya wenyewe. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa umbali wa hatua mbili, na uanze kwa kutamka tarehe na mahali. Mwache aimbe hadi achoke mwenyewe. Maneno utayauliza baadaye, mkinywa chai.

Badilishaneni madaftari

Hatua ya mwisho inahitaji mtu wa rika jingine. Mpe nyimbo zako tano pamoja na faili zake, lakini mfiche sekunde ulizoandika, na yeye akupe zake tano kwa sharti hilohilo. Kila mmoja asikilize mara tatu na kuandika ya kwake, kisha mlinganishe kurasa.

Mimi nilibadilishana na mpwa wangu. Alinipa muziki wa mapambano wa gemu ambao sikuuweza hata mara ya tatu, na nikaandika hivyo. Miongoni mwa zangu nilimwekea zile dakika nne za Pangani, bila kumwambia ni kitu gani, kwa sababu nilitaka kujua kama kijana ambaye hajawahi kushika mchi angesikia pengo. Alirudisha daftari Jumapili. Mimi nilikuwa nimeandika 0:38, pale jirani anapoitikia kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa ameandika 0:41, na mbele yake, kwa mwandiko wake wa kulala: “Hapa kuna kitu kinagonga kwa kuchelewa kidogo. Mjomba, ni ngoma gani hii?”